Usinirejee

Nyumba ya Bi Mayasa iko Malindi, katika uchochoro wa nyuma ya bandari, na mgeni anayeitafuta hahitaji kuuliza sana. Harufu ya singo, manukato ya kusingia maharusi, humpokea kabla hajaufikia mlango. Humo hupambwa maharusi. Bi Mayasa aliianza kazi hiyo angali msichana, akamfundisha mwanawe Wanu, na Wanu naye akamfundisha mwanawe Muzdalifa. Watatu hao wanaishi pamoja, wanakula sinia moja, na kila mmoja ana sehemu yake ya kazi ambayo wenziwe hawaigusi.

Bi Mayasa mikono yake imechoka. Siku hizi hukaa juu ya kigoda ukumbini, akatwanga karafuu, akachanganya na asmini na marashi, kisha akamweka bibi harusi mbele yake na kumfunza mambo ambayo mamaake mzazi huona haya kumwambia. Bi Wanu hufukiza nguo, hushona vikuba vya asmini, hupokea watu na kupatana nao. Hina ni ya Muzdalifa. Wako wanaotoka Nungwi na Kizimkazi wakapita milango ya wapambaji wengine kumfuata yeye, kwa sababu mkono wake hautetemeki na maua yake hayafanani na ya mtu.

Majirani wana maneno yao juu ya nyumba hiyo. Husema kwamba inapeleka wanawake kwa waume zao kila wiki, na yenyewe haina mume. Mume wa Bi Mayasa alikufa zamani. Aliyekuwa mume wa Bi Wanu alifia Dar es Salaam, kwenye nyumba ya mke mwengine. Na mwanzoni mwa vuli mwaka huu Muzdalifa alirudi na begi lake la nguo, akiwa ameachwa talaka moja.

Mumewe, Suhaib, ni dereva wa winchi bandarini. Ndoa yao ilipangwa na wazee. Ami yake Muzdalifa, Hamad, aliyekuwa walii wake wa kumwozesha, alikuwa akifahamiana na Jecha, ami yake Suhaib. Wakakaa, wakaafikiana, na Muzdalifa akaambiwa siku ilipokwisha kuwekwa. Hakulia wala hakufurahi. Alichukuliwa kwenda Fuoni, kwenye nyumba ambayo Suhaib alikaa na dadaake, Bashira, na huko, polepole, bila ya mtu kumshurutisha, akampenda mumewe. Alimpenda kwa mambo madogo. Suhaib akirudi kazini na mikono ina grisi, kabla hajaomba maji, alikuwa akimuuliza bibi harusi wa leo katokaje. Akisikiliza jibu kweli, mpaka mwisho.

Kilichowaachisha ni safari ya Nungwi. Muzdalifa alikwenda kumpamba bibi harusi huko, akaaga kwamba angerudi jioni. Mambo yakachelewa, mvua ikanyesha, gari iliyokuwa imrudishe haikuja, na simu yake ikazima. Akalala hukohuko kwa wenye harusi. Suhaib hakulala. Alimpigia Bi Wanu, Bi Wanu akasema hakumwona. Akenda hospitali kuuliza, akenda kituo cha polisi. Adhuhuri ya pili yake Muzdalifa alipoingia mlangoni mzima wa afya, hofu yote aliyokuwa nayo yule mwanamume iligeuka hasira. Bashira alikuwa amesimama ubavuni pake akiuliza ni mke gani huyu anayelala nje. Suhaib akasema, "Nimekuacha talaka moja." Alipokwisha kuyasema akakaa kitako chini sakafuni.

Alasiri yake Bi Wanu alifika na teksi akamchukua mwanawe. Bi Mayasa hakuridhika na jambo hilo. Alikuwa akirudia kusema kwamba mwanamke aliyeachwa talaka ya kurejewa hukaa eda yake nyumbani kwa mume, ndivyo sheria ilivyo. Bi Wanu alimjibu kwamba hawezi kumwacha mtoto wake kwenye nyumba ya watu angoje kuokotwa kama kanga iliyoanguka kambani.

Basi eda ikaanza kuhesabiwa. Katika muda huo, Suhaib alikuwa na haki ya kumrejea mkewe kwa neno moja tu, bila ya mahari mapya wala shekhe. Eda ikimalizika hajasema, haki hiyo ingemponyoka.

Na Suhaib akawa haachi kuja. Akitoka kazini alipita sokoni, akachukua samaki, changu au kipande cha nguru, akaja kubisha hodi. Bi Mayasa ndiye aliyempokea. Shikamoo yake ilikuwa ya adabu, marahaba ya Bi Mayasa ilikuwa ya mahaba. Alitoa kikapu, akauliza hali za watu wa ndani wote kwa jumla bila ya kumtaja mtu, akaaga. Akifika katikati ya uchochoro alikuwa akigeuka na kuinua macho mara moja kwenye roshani ya juu.

Muzdalifa alikuwa hapo, nyuma ya mbao za roshani. Akimwona anainua macho, alirudi nyuma. Alirudi nyuma kila mara, na kila mara baadaye alijiuliza kwa nini.

Siku moja baada ya sala ya alasiri Suhaib alikuja bila ya kikapu. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya viua, na Bi Mayasa alipomwona tu alijua kilichomleta. Bi Wanu alikuwa amekwenda Darajani kununua ubani. Bi Mayasa alimkaribisha ukumbini, akasogeza kinu pembeni, akamwita mjukuu wake ajifunike vizuri ateremke.

Muzdalifa aliteremka. Alikaa mwisho wa mkeka, Suhaib mwanzo wake, na Bi Mayasa akajiweka katikati yao, maana mpaka neno liwe limesemwa wale wawili hawakuwa na ruhusa ya kukaa peke yao. Bi Mayasa alikuwa ametulia kabisa. Akilini mwake kazi ilikuwa imekwisha, na alikuwa ameanza kufikiri ni singo ipi amchanganyie mjukuu wake arudi nayo Fuoni.

"Muzdalifa," alisema Suhaib, "nimekuja kusema neno."

"Nnalijua neno lako. Nnakuomba usiliseme."

Bi Mayasa alimgeukia mjukuu wake. Suhaib akauliza kwa sauti ya chini, "Hunitaki?"

"Sikusema hivyo."

"Basi unasemaje?"

Muzdalifa alikuwa ameinamisha uso. Maneno hayo alikuwa ameyapanga siku nyingi, akichuja unga wa hina, akiosha vyombo, lakini sasa yalimjia mafupi kuliko alivyoyapanga.

"Ukisema umenirejea, mimi nshakuwa mkeo papo hapo. Nikitaka nisitake, ni mamoja. Ntachukua begi langu ntakufuata. Na huko Fuoni ntakaa siku zote sijui nimerudi kwa kuwa nimetaka, au kwa kuwa wewe umesema. Ulisema neno moja nikatoka. Utasema neno jengine niingie. Katika maneno yote hayo mimi langu liko wapi?"

"Lile la mwanzo nnalijutia. Sikulala toka siku ile."

"Nnajua."

"Unajuaje?"

"Nnakuona ukija."

Suhaib aliinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kujua kwamba kulikuwa na mtu nyuma ya zile mbao. Bi Mayasa alikohoa, naye akayateremsha tena.

"Sheria imenipa haki hii," alisema. "Sikuitunga miye."

"Imekupa haki. Haikukulazimisha uitumie."

"Eda ikisha nisiseme, ntakuwa mtu baki kwako. Itakuwa posa, mahari, mashahidi, kila kitu upya."

"Ndiyo."

"Na utaweza kunikataa."

"Ntaweza."

"Utanikataa?"

Hapo Muzdalifa alimtazama. Hakumtazama kwa karibu namna ile toka Fuoni. Alikuwa amekonda. Alijikata kidogo kidevuni akinyoa, na ile kanzu aliipiga pasi mwenyewe, ilionekana kwa mikunjo ya mabegani ambapo hakujua namna ya kuipitisha pasi. Muzdalifa alitamani kuinyoosha ile mikunjo kwa mkono wake, na kutamani huko kulimuuma kuliko alivyotarajia.

"Nikikwambia sitokukataa," alisema, "itakuwa nshakujibu kabla hujaniuliza. Nami nataka kuulizwa, Suhaib. Mara ile ya kwanza waliulizwa watu wote, hata mwenye kukodisha viti. Mimi niliambiwa."

Bi Mayasa sasa aliona mambo yanakwenda upogo. Aliweka mkono juu ya goti la Suhaib, kama anavyomshika mtoto wake.

"Mwanangu, sema neno lako umchukue mkeo. Huyu anakuchezea akili. Eda haikawii kwisha, na watu wana ndimi zao. Mimi nipo hapa, nnasikia. Sema."

Suhaib hakuhitaji zaidi ya kufumbua mdomo. Wote watatu walilijua hilo. Nje mtu wa mkokoteni alikuwa akipiga kelele apishwe, na ndani hakuna aliyejitikisa. Muzdalifa alikuwa akimtazama Suhaib koo lake, alilitazama hilo tu, na akaona likipanda na kushuka. Kisha Suhaib akauondoa mkono wa bibi kwa upole, akaubusu, akasimama.

"Bibi, nipe ruhusa niondoke," alisema.

Akatoka. Safari hiyo hakugeuka kutazama juu. Labda kwa kuwa alijua hakuna mtu.

Bi Wanu aliporudi na ubani wake alimkuta mamaake amenuna juu ya kigoda na mwanawe yuko jikoni anachuja unga wa hina uliokwisha kuchujwa. Akahadithiwa na Bi Mayasa, kwa maneno machache na makali, kwamba mjukuu amemfukuza mume aliyekuja kumrejea kwa heshima zake. Bi Wanu alivua buibui, akaingia jikoni, akaufunga mlango.

"Umefanya vizuri," alimwambia mwanawe. "Umemaliza."

"Sijamaliza, Mama."

Bi Wanu alimtazama, akaliona alilokuwa halitaki kuliona. Toka siku ile ya teksi alikuwa akijiambia kwamba mwanawe amepona, amerudi kwao, amerudi kwenye kazi yake, na kwamba wao watatu wanatoshana. Sasa alivuta kibao cha mbuzi akakikalia, na akaeleza jambo ambalo katika nyumba ile halikuwa likizungumzwa.

Baba yake Muzdalifa alimwacha Bi Wanu mara mbili kabla ya talaka ya tatu, ya mwisho. Mara zote mbili alikuja kumrejea. Mara zote mbili Bi Mayasa alimfungia mwanawe nguo zake, akampaka singo, akamtoa mpaka mlangoni.

"Mara ya pili nilikuwa nimekaa palepale ulipokaa wewe leo," alisema Bi Wanu. "Alisimama kizingitini, hata viatu hakuvua. Akasema neno. Bibiako akanipa begi mkononi. Nikaenda."

"Ulitaka kurudi?"

Bi Wanu alifikiri. Alilifikiria swali hilo kwa muda, kama mtu anayetafuta kitu kwenye sanduku la zamani.

"Sijui," alisema. "Hakuna aliyeniuliza. Na mimi sikujiuliza." Kisha akaongeza, "Nnalichukia lile neno. Ndiyo maana nilikuja na teksi. Lakini kama unampenda, mimi sikujua."

Walichuja unga pamoja mpaka Magharibi ilipoadhiniwa.

Kungoja kulikofuata kulikuwa kuzito. Suhaib angeweza kusema lile neno popote, bandarini, msikitini, mbele ya rafiki zake wawili, na likawa limesemwa. Simu ikilia, Muzdalifa alitazama kwanza nani anapiga. Mchana alimwomba Mungu Suhaib asiseme. Akiwa peke yake juu darini, kuna nyakati alitamani aseme, mambo yaishe, achukue begi lake aende akaipige pasi ile kanzu. Aliona haya na matamanio hayo, akayaficha.

Suhaib aliendelea kuleta samaki, maana matumizi ya mke aliyemo edani ni juu ya mume. Bi Mayasa kila mara alimfungulia mlango wazi kabisa, akamkaribisha kahawa, akamwachia nafasi. Suhaib alikunywa kahawa, akasema Mungu akuzidishie Bibi, akaenda zake. Bi Mayasa hakupata kuona mwanamume wa namna hiyo. Aliwaambia wateja wake kwamba vijana wa siku hizi ndimi zao zimekufa ganzi.

Karibu na kumalizika kwa eda, Muzdalifa aliitwa Shangani kumpaka hina bibi harusi wa jamaa mmoja wenye uwezo. Ukumbi ulijaa wanawake. Alikuwa amefika kwenye kifundo cha mkono wa kulia pale mmoja wa wageni, bibi mnene asiyemjua Muzdalifa ni nani, alipoanza kuwapa wenzake habari za mtaani kwao Fuoni. Alisema jirani yao Bashira anamtafutia kaka yake mke mpya. Ameshakwenda Kizimkazi kumwangalia msichana, mtoto wa watu, mtulivu, asiyejua kutembeatembea kama yule wa kwanza.

Mkono wa Muzdalifa ulikwenda kombo. Mstari wa hina ulitoka nje ya ua, ukateremka kifundoni. Bibi harusi aliuona.

"Limeharibika?" aliuliza.

Muzdalifa aliutazama ule mstari. Aliuvuta mbele, akaukunja, akautilia vishina viwili vya pembeni, ukawa jani.

"Hapana," alisema. "Hapo pana jani."

Akaendelea mpaka akamaliza mikono na miguu. Wenye harusi wakamsifu. Nyumbani hakumwambia mtu habari aliyoisikia. Alisema tu kwamba bibi harusi alikuwa mzuri na kwamba yeye hataki chakula.

Asubuhi eda ilipomalizika, alikoga, akasali, akateremka kumwambia bibiake, maana ndiye aliyekuwa akiihesabu kuliko yeye. Bi Mayasa alikuwa akitwanga. Alisita, mchi ukiwa hewani.

"Haya," alisema. "Sasa ni mtu baki. Umepata ulichokitaka."

Akaushusha mchi.

Tangu siku hiyo samaki hawakuja tena. Mlango ulibishwa na wateja tu. Ulikuwa msimu wa harusi za kabla ya Ramadhani, na wanawake watatu walifanya kazi mpaka migongo ikawauma. Bi Mayasa hakumsemeza mjukuu wake isipokuwa kwa la lazima, nipe marashi, funga dirisha. Bi Wanu alimpikia vyakula alivyovipenda utotoni na hakumuuliza chochote. Muzdalifa alipaka hina. Mara nyingine akiwa ameshika mkono wa msichana asiyemjua, ilimjia kwamba huenda Suhaib alimfahamu vibaya. Huenda aliondoka siku ile akidhani amekataliwa, na Bashira akampa njia iliyo nyepesi. Alishika simu, akaandika salamu, akaifuta. Alikuwa amemwomba Suhaib akae kimya, na Suhaib amekaa kimya. Hakuwa na la kumlaumu.

Kisha asubuhi moja ya Jumapili ami Hamad alifika kutoka Kizimkazi bila ya kutangulia kupiga simu, na nyuma yake alikuwa Jecha, ami yake Suhaib, mzee mrefu mwenye fimbo. Nyuma ya Jecha alikuwa Suhaib. Kwa desturi mwenye kuposa haendi mwenyewe, na Jecha alianza kwa kuomba radhi kwa hilo. Alisema kijana amekataa kubaki nyumbani. Basi Suhaib aliachwa nje barazani, kama mgeni, na wazee wawili wakaingia ukumbini.

Muzdalifa na mamaake walikuwa juu darini wakichambua asmini. Mlango wa ngazi ulikuwa wazi, sauti zilipanda.

Jecha alisema amekuja kuposa. Alisema mahari atayataja mwanamke mwenyewe. Alisema kuna maneno yalikwenda Kizimkazi kwa mtu mwengine, yalipelekwa na dada wa kijana bila ya kijana kujua, na aliyekwenda kuyarudisha na kuwaomba watu msamaha ni kijana mwenyewe, na ndiko kulikomchelewesha. Akasema pia kwamba Suhaib amepanga vyumba Vikokotoni, karibu, ili mwanamke akiolewa aweze kuja kazini kwake kwa miguu. Kuhusu kazi ya mwanamke, kijana hana neno. Kama kazi itamlaza Nungwi, basi ampelekee habari, na kama hawezi kupeleka habari, yeye atakwenda Nungwi.

Ami Hamad alisema hayo ni maneno mazuri, na kwa upande wake hana pingamizi, akatoa mkono. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo.

"Ngoja, Hamad," ilisikika sauti ya Bi Mayasa. "Nkaulize."

Alipanda ngazi taratibu, akishika ukuta, akapumzika katikati, akapanda tena. Alipofika juu alikaa kwenye ukingo wa kitanda kuvuta pumzi. Bi Wanu alitaka kumpa maji akayakataa kwa mkono.

"Umesikia," alimwambia mjukuu wake.

"Nimesikia, Bibi."

"Mwanamwali akiulizwa, akinyamaza imetosha. Wewe umeshaolewa. Wewe sheria inataka useme kwa mdomo wako." Aliisawazisha kanga yake begani. "Basi nnakuuliza. Suhaib unamtaka?"

Muzdalifa alikuwa na asmini mikononi. Aliziweka chini kwenye sinia. Siku zote alidhani kwamba ikifika saa hiyo angekuwa na mengi ya kusema.

"Nnamtaka," alisema.

Bi Mayasa alitikisa kichwa. Hakutabasamu, na wala hakuinuka. Alikaa palepale kitandani, akiupapasa mkeka wa ukingoni kwa vidole vyake vyenye rangi ya karafuu, na wale wengine wawili hawakujua anangoja nini. Kisha alimgeukia mwanawe.

"Na wewe, Wanu?"

"Mimi nini, Mama?"

"Ni mtoto wako. Unaridhia?"

Bi Wanu alikuwa na miaka zaidi ya hamsini. Aliozwa, akarejewa, akarejewa tena, akaachwa, akaoza binti, akamleta nyumbani, na katika yote hayo mamaake hakuwahi kumtolea swali la namna hiyo. Uzi wa kikuba ulikuwa bado umemning'inia kidoleni, akauzungusha, akauzungusha mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe.

"Nataka aniambie jambo," alisema hatimaye. "Mimi, si ami yake. Nataka aniahidi mbele yangu kwamba akighadhibika tena atatoka nje akae barazani mpaka ghadhabu imwishe, na neno la talaka asilitie mdomoni. Akiniahidi hilo, nnaridhia. Asipoahidi, siridhii."

"Haya," alisema Bi Mayasa. "Nenda kamwambie."

"Mbele ya wanaume?"

"Ukumbi ni wako na mtoto ni wako."

Bi Wanu alisimama. Alitafuta mtandio wake, akaukosa, ukawa uko mabegani mwake, akajitanda. Muzdalifa alitaka kumfuata, bibiake akamshika mkono akamketisha. Walikaa wawili, bibi na mjukuu, mikono yao ikiwa pamoja juu ya goti la bibi, wakisikiliza nyayo za Bi Wanu zikishuka ngazi. Zilishuka upesi mwanzo, kisha polepole, kisha zikaupita ukumbi moja kwa moja bila ya kusimama kwa wazee. Wakausikia mlango wa nje ukifunguliwa.

"Suhaib," aliita Bi Wanu.

"Naam, Mama," aliitika Suhaib.